Siri ya Mtungi: Maisha ya Louis Braille (1809–1852)

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii imezoeleka mno madarasani hata uzito wake umeelekea kusahaulika, ilhali katika historia ya elimu ya wasioona ina ushahidi wake kamili. Kwa muda mrefu vifaa vya kuwasomesha vipofu vilibuniwa na watu wenye macho, kwa nia njema na kwa gharama kubwa, navyo havikufua dafu. Kilichofaulu kilibuniwa na kijana wa miaka 15, kipofu, mwana wa fundi wa ngozi wa kijijini. Kijana huyo ni Louis Braille, na jina lake ndilo linalotamkwa kila inapotajwa breli, au nukta nundu kama wasemavyo Watanzania. Wengi wanalijua jina hilo. Wasiojua wengi ni jinsi alivyopingwa, na kwamba waliompinga hawakuwa maadui wa vipofu bali wafadhili wao.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari mwaka wa 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki ya jiji la Paris nchini Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba wa Simon-René Braille na mkewe Monique. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza hatamu na matandiko ya farasi, kazi iliyoheshimika katika zama ambapo farasi ndiye aliyevuta jembe, gari na mizinga. Mwaka wa 1812, akiwa na umri wa miaka 3, mtoto huyo aliingia katika karakana ya babake, akachukua chombo chenye ncha, msharasi kwa masimulizi ya wengi, akajaribu kutoboa ngozi kama alivyomwona mzee akifanya. Chombo kiliteleza kikamchoma jicho moja. Jeraha lilioza, na kwa kuwa tiba ya siku hizo haikujua namna ya kuzuia uambukizo, ugonjwa ulihamia jicho la pili. Alipofikisha miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Mtoto kipofu wa fukara katika Ulaya ya wakati huo alikuwa na njia moja iliyojulikana sana, nayo ni kuombaomba. Wazazi wa Louis waliikataa njia hiyo. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia, akamfundisha kufanya kazi ndogondogo za karakana, kisha akapigilia misumari yenye vichwa vya duara katika vibao ili mtoto azipapase herufi na kuzijua maumbo yake. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alianza kumfundisha, na mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akakubali akae darasani pamoja na watoto wenye macho. Louis alisikiliza, akakariri, akawapita wengi. Hata hivyo, wenzake walipofungua vitabu yeye alibaki ameikunja mikono. Hapo ndipo ulipokuwa ukuta. Palluy alimwendea kabaila wa eneo hilo, naye akasaidia kupatikana kwa ufadhili. Tarehe 15 Februari mwaka wa 1819 Louis, mwenye miaka 10, aliingia katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Vipofu jijini Paris.

Taasisi hiyo ilikuwa na historia yake, na yafaa isimuliwe kwa kuwa kiini cha mgogoro uliofuata kimo ndani yake. Mwasisi wake alikuwa Valentin Haüy, msomi wa lugha aliyekuwa na macho timamu. Mwaka wa 1771 Haüy aliona katika gulio moja la Paris kundi la vipofu waliovishwa mavazi ya kichekesho na miwani mikubwa, wakipiga ala huku umati ukiwacheka. Aliona aibu kwa niaba ya umati huo, akaazimia kuwa siku moja atawafundisha vipofu kusoma. Mwanafunzi wake wa kwanza, François Lesueur, alikuwa kijana ombaomba. Inasimuliwa kuwa siku moja Lesueur alipokuwa akipapasa karatasi za mwalimu wake alikuta kadi ambayo mtambo wa chapa ulikuwa umeikandamiza sana hata herufi moja ikafanya nundu upande wa pili, naye akaitambua kwa kidole. Kutokana na tukio hilo Haüy alianza kuchapisha vitabu vya herufi za nundu. Ni jambo la kutia fikira kwamba wazo lenyewe lilianzia kwenye kidole cha mwanafunzi, lakini lilipokwisha kuingia mikononi mwa mwalimu likageuka kuwa la macho.

Haüy alitaka herufi za vipofu zifanane na zile za wenye macho, ili watu hao wawili wasitengwe na maandishi. Nia hiyo haina lawama. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji. Umbo la herufi ya Kilatini, pamoja na mikunjo na mikia yake, limetengenezewa jicho, ambalo hulinasa lote kwa mara moja. Kidole hakina uwezo huo. Kilibidi kuufuata mstari, kuukamilisha, kuukumbuka, ndipo kiende kwa herufi inayofuata. Ili herufi zipapasike zilifanywa kubwa mno, na kitabu kimoja kikawa na uzito wa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache kwa sababu kila ukurasa ulihitaji karatasi iliyoloweshwa na kukandamizwa juu ya herufi za chuma. Kubwa kuliko yote ni kwamba mwanafunzi hangeweza kuandika kwa mfumo huo. Aliweza kusoma, kwa taabu, yale aliyochaguliwa na wengine. Kuandika barua yake, hesabu yake au wimbo wake halikuwa jambo lililofikiriwa.

Huo ndio mfumo aliokutana nao Louis. Jumba la taasisi lilikuwa zee na lenye unyevunyevu, katika mtaa wa Saint-Victor, na wakati wa Mapinduzi ya Kifaransa liliwahi kuwa gereza. Wengi wanaamini kuwa ugonjwa wa kifua uliokuja kumuua ulianzia katika kuta hizo. Wanafunzi walifundishwa kazi za mikono, masomo ya kawaida na muziki. Louis alipenda muziki hasa, akawa mpigaji hodari wa kinanda cha kanisa.

Mwaka wa 1821 mkuu mpya, Alexandre-René Pignier, alishika usukani. Ni katika kipindi hicho ambapo wanafunzi walijaribishiwa mfumo wa Charles Barbier, afisa wa zamani wa kikosi cha mizinga. Barbier alikuwa amebuni namna ya kuandika kwa nukta zilizochomwa kwenye karatasi kwa kalamu ya chuma, juu ya kibao chenye mifereji. Mara nyingi husemwa kuwa uvumbuzi huo ulikusudiwa askari wapelekeane ujumbe gizani bila kuwasha taa. Kilicho bayana zaidi ni kwamba Barbier alivutiwa na haja ya kuwapatia maandishi rahisi watu walionyimwa elimu, vipofu wakiwemo. Mfumo wake ulikuwa na safu mbili za nukta, kila safu ikiwa na nukta hadi 6, na kila mkusanyiko wa nukta uliwakilisha sauti, si herufi.

Wanafunzi waliupokea kwa furaha. Kwa mara ya kwanza kidole kilikutana na kitu kilichokifaa, kwani nukta hupapasika upesi kuliko mstari. Aidha, kwa mara ya kwanza mwanafunzi angeweza kuandika mwenyewe na kuyasoma aliyoyaandika. Hata hivyo, furaha hiyo haikuwafumba wajanja miongoni mwao wasione kasoro. Nukta 12 ni nyingi mno kwa ncha ya kidole, nacho kililazimika kupanda na kushuka ndani ya alama moja. Kwa kuwa mfumo ulifuata sauti, haukuwa na tahajia, wala alama za uakifishaji, wala tarakimu, wala noti za muziki. Mtu aliyejifunza kwa mfumo huo angeandika kama asiyejua kuandika.

Louis alikuwa na umri wa miaka 12 au 13 alipoanza kuzitaja kasoro hizo. Barbier, aliyekuwa amepita miaka 50, hakuona sababu ya kubadilisha mambo ya msingi. Kwake yeye, tahajia kamili ilikuwa anasa isiyohitajika kwa maskini na vipofu. Iliwatosha wawasiliane tu. Tofauti ya wawili hao haikuwa ya ufundi pekee. Mmoja alikuwa akikisia mahitaji ya wengine, na mwingine alikuwa akiyataja mahitaji yake mwenyewe. Mvulana yule hakutaka mawasiliano ya dharura. Alitaka sarufi, fasihi, hesabu na muziki, yaani yote ambayo mwanafunzi mwenye macho aliyapata bila kuomba.

Kwa takriban miaka 3 alifanya kazi usiku wenzake walipolala, na nyakati za likizo alipokuwa Coupvray alionekana na karatasi yake na kalamu ya ncha. Alijaribu, akafuta, akawapa rafiki zake wapapase. Miongoni mwa waliokuwa karibu naye ni Gabriel Gauthier na Hippolyte Coltat, vipofu wenzake, ambao baadaye waliteuliwa kuwa walimu pamoja naye. Kila badiliko lilihukumiwa kwa vidole vilivyokusudiwa kulitumia. Kufikia mwaka wa 1824, akiwa na miaka 15, mfumo ulikuwa umekamilika katika sehemu zake kuu.

Uzuri wa mfumo huo ni wepesi wake. Seli moja ina nukta 6, tatu upande wa kushoto na tatu upande wa kulia, na hivyo huenea chini ya ncha ya kidole kimoja bila kukihamisha. Nukta hizo sita hutoa mikusanyiko 63. Herufi kumi za kwanza, kuanzia a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Herufi kumi zinazofuata ni zilezile zilizoongezewa nukta ya chini kushoto. Zinazobaki huongezewa nukta zote mbili za chini. Anayejua kumi za kwanza amekwisha kupata ufunguo wa zote. Zikitanguliwa na alama maalumu, zile kumi za kwanza hugeuka kuwa tarakimu. Seli zizo hizo, kwa kanuni nyingine, huandika muziki, na pengine hapa ndipo ilipodhihirika zaidi kuwa mbunifu alikuwa mtumiaji, kwa kuwa kazi ya muziki ilikuwa miongoni mwa kazi chache zilizompatia kipofu wa Paris riziki ya heshima.

Mwaka wa 1829 taasisi ilichapisha kitabu cha Louis kilichoeleza namna ya kuandika maneno na muziki kwa nukta. Kejeli ya historia ni kwamba kitabu hicho kilichapishwa kwa herufi za nundu za Haüy, maana mtambo wa kuchapisha nukta haukuwapo. Ndani yake Louis alikiri waziwazi deni lake kwa Barbier. Uungwana huo ulikuwa tabia yake, na kwa hakika bila mtambuko wa Barbier kutoka kwenye mstari kwenda kwenye nukta, kazi ya Louis isingeanza. Toleo la pili la mwaka wa 1837 liliondoa vistari vidogo vilivyokuwamo katika lile la kwanza, kwa kuwa matumizi yalikuwa yameonyesha kuwa kidole hakivitofautishi vyema na nukta. Mwaka huohuo taasisi ilichapisha kwa mfumo huo historia fupi ya Ufaransa katika majuzuu matatu.

Wakati huo Louis alikuwa tayari mwalimu. Alianza kama msaidizi, na mwaka wa 1833 akathibitishwa kuwa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, jiografia, hesabu na muziki, na kuanzia mwaka wa 1834 akapiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs. Waliomjua walimweleza kuwa mpole, mwenye maneno machache, mwepesi wa kutoa. Hakuoa. Takriban mwaka wa 1835 dalili za kifua kikuu zilianza kujitokeza, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kufundisha, kuugua, kwenda Coupvray kupumzika na kurudi tena.

Pignier aliupenda mfumo wa nukta, akauruhusu kutumika shuleni. Serikali haikuupa idhini rasmi. Mwaka wa 1840 mambo yalichacha. Naibu wake, Pierre-Armand Dufau, alifaulu kumwondoa madarakani kwa tuhuma za kuwapotosha vijana kupitia ufundishaji wa historia, akakikalia kiti chake. Dufau aliamini kwamba maandishi ya nukta yanawatenga vipofu na jamii. Alileta mfumo mwingine wa herufi za nundu zilizorahisishwa, uliotumika Glasgow huko Scotland, akaupiga marufuku ule wa nukta. Waandishi wa maisha ya Braille wanasimulia kuwa vitabu vya awali vilichomwa, na kwamba kalamu na vibao vya kuandikia vilitwaliwa.

Ni rahisi kumwona Dufau kama zimwi la hadithi, lakini kufanya hivyo kungepotosha funzo. Hoja yake ilikuwa ileile ya Haüy: kipofu asome anachosoma jirani yake. Ni hoja nzuri katika karatasi. Alichokosa kufanya ni jambo moja dogo, nalo ni kuwauliza wanafunzi wake. Laiti angewauliza, wangemwambia kuwa wao walikwisha kuchagua. Badala ya kumwambia walimwonyesha. Nyakati za usiku waliendelea kuandikiana kwa nukta, wakitumia misumari, sindano za kufumia na uma za mezani. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Kwa miaka kadhaa mfumo ulioharamishwa ulirithishwa kutoka kidole hadi kidole, na adhabu hazikuukomesha.

Louis mwenyewe hakuongoza uasi. Alifanya jambo lililo la kwake zaidi: alilichukulia kwa uzito lile hofu la kutengwa na akalitafutia jawabu. Mwaka wa 1839, kabla hata ya Dufau kushika madaraka, alikuwa amechapisha njia ya kuzichora herufi za kawaida kwa nukta zilizopangwa kwa vipimo, ili kipofu aweze kumwandikia barua mama yake au rafiki mwenye macho, naye aisome bila mafunzo yoyote. Njia hiyo ilikuwa ya polepole. Kipofu mwingine, Pierre Foucault, fundi wa mitambo, akaiundia mashine mwanzoni mwa miaka ya 1840. Naam, wasioona wawili walilitatua tatizo ambalo wenye macho walilitumia kuwa sababu ya kuwanyima maandishi yao. Wanahistoria wa taipureta huitaja mashine ya Foucault miongoni mwa vitangulizi vya chombo hicho.

Aliyeuvunja ukaidi wa Dufau alikuwa naibu wake, Joseph Guadet. Huyu aliwatazama wanafunzi, akaona wanachofanya kwa siri na kasi waliyokifanya nayo, akashawishika. Mwishoni mwa mwaka wa 1843 taasisi ilihamia jengo jipya katika barabara ya Invalides, na tarehe 22 Februari mwaka wa 1844 likazinduliwa rasmi mbele ya wageni waheshimiwa. Guadet alieleza hadharani historia ya mfumo wa nukta na mbunifu wake. Kisha pakafanywa onyesho. Mwanafunzi mmoja aliandika kwa nukta maneno aliyosomewa, na mwingine, ambaye hakuwapo yalipokuwa yakisomwa, akaitwa na kuyasoma kwa vidole bila kukwama. Hadhira ilishangilia. Dufau, ambaye hakuwa mpumbavu, aliondoa pingamizi lake. Louis alikuwapo siku hiyo, tayari akiwa mgonjwa.

Baada ya hapo nguvu zake zilizidi kupungua. Mara kadhaa alilazimika kuacha kufundisha. Mwezi wa Desemba 1851 alianza kutokwa na damu nyingi kifuani, na tarehe 6 Januari 1852 akafariki katika chumba cha wagonjwa cha taasisi, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti ya Paris hayakuandika lolote. Miongoni mwa mali yake kulikuwa na kisanduku ambacho aliagiza kichomwe bila kufunguliwa. Waliosalia hawakuweza kujizuia, wakakifungua, wakakuta hati za madeni ambazo wanafunzi aliowakopesha walikuwa wamemwandikia. Ndipo wakazichoma kama alivyotaka. Alizikwa Coupvray.

Mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya kifo chake, mfumo wake ulikubaliwa rasmi Ufaransa. Nchi nyingine hazikufuata upesi. Uingereza palikuwa na mifumo ya nundu chungu nzima, kila shirika la hisani na mfumo wake, hata kipofu aliyehama mji alilazimika kujifunza kusoma upya. Aliyelikata fundo hilo alikuwa daktari Thomas Rhodes Armitage, aliyeiacha kazi ya udaktari kwa sababu ya kupoteza nguvu za macho. Mwaka wa 1868 alianzisha pamoja na wenzake jumuiya ya kuchunguza ni mfumo upi unaofaa. Kanuni zake za uanachama zilikuwa kali na za ajabu kwa siku hizo: waamuzi wawe watu wanaosoma kwa vidole, wawe wanaifahamu kwa vitendo mifumo isiyopungua mitatu, na wasiwe na maslahi ya fedha katika mfumo wowote. Baada ya uchunguzi wa takriban miaka miwili walichagua nukta za Braille. Katika mambo yote yaliyofanywa karne hiyo kwa jina la vipofu, labda hakuna lililokuwa la kimapinduzi kuliko kanuni hiyo ya kwanza. Mwaka wa 1878 kongamano la kimataifa lililofanyika Paris liliuunga mkono mfumo huo. Marekani ilibaki katika ugomvi wake wenyewe wa mifumo ya nukta kwa miongo mingine, na ni mwaka wa 1932 tu ambapo mataifa yanayozungumza Kiingereza yaliafikiana kuhusu breli moja sanifu.

Mwaka wa 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, Ufaransa iliufukua mwili wa Louis Braille na kuupeleka Panthéon, mahali inapowazika mashujaa wake. Watu wa Coupvray waliomba wabakishiwe kitu. Wakaachiwa mikono yake, nayo imo kaburini kijijini hadi leo.

Nchini Kenya nukta zake zilikuwa zimekwisha kufika. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka wa 1946 na Jeshi la Wokovu, na vizazi vya wanafunzi vimejifunza Kiswahili humo kwa seli za nukta sita. Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaja breli kwa jina: kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza matumizi yake, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Kifungu hichohicho cha 54 kinataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya wanachama wa taasisi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Kenya iliridhia mwaka wa 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unazitaka serikali zishauriane nao kwa karibu kabla ya kuamua mambo yanayowahusu. Kwa maneno mengine, lile ambalo Armitage alilifanya kuwa kanuni ya chama sasa ni sheria. Kama sheria hiyo hufuatwa kila inapoandaliwa mitihani, mitaala na vitabu vya kiada, hilo ni swali ambalo wa kwanza kulijibu wanapaswa kuwa wanafunzi wasioona wenyewe.

Kiswahili kilikuwa na bahati katika mfumo huu, kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi na haihitaji herufi zenye alama za juu ambazo Kifaransa huzihitaji. Pamejitokeza tatizo moja dogo. Katika mpangilio wa kwanza wa Louis Braille hapakuwa na herufi w, maana Wafaransa hawakuitumia katika maneno yao wenyewe. Iliongezwa baadaye, na ndiyo sababu haifuati utaratibu wa herufi za mwisho zinazoizunguka: nukta zake ni ya pili, ya nne, ya tano na ya sita, na mwanafunzi hana budi kuikariri peke yake. Kwa Mfaransa ni herufi ya wageni. Kwa msomaji wa Kiswahili ni herufi ya kila mstari, kwani bila hiyo hawezi kuandika mwana, wala mwalimu, wala watu.